Kwa nini taa ya boda hufifia: historia ya umeme wa pikipiki, kutoka Birmingham hadi Likoni

Leo naweka seva na programu kando, tuzungumze habari ya nyaya. Nyaya za pikipiki kuukuu. Najua wako watakaosema nimehama fani, lakini nivumilieni. Kila nikiangalia wayaringi ya pikipiki ya zamani naona kitu kile kile ninachokiona nikifungua programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha acha kazi miaka mingi: maamuzi ya watu ambao hawapo tena, yamelundikana moja juu ya jingine, na hakuna aliyeacha maelezo. Kinafanya kazi hadi siku kinapokataa, na hapo ndipo unapoitwa wewe.

Simama usiku pale Likoni, feri ikiwa imeshusha watu, uzitazame boda zinazosubiri abiria. Utaona injini inanguruma polepole na taa ya mbele imekuwa ya manjano kama kibatari. Mwenyewe akivuta mafuta, taa inawaka kweli kweli. Akiachia, inalala tena. Ukimuuliza atakuambia betri imekufa, au atakuambia hizi za Mchina ndivyo zilivyo. Mara nyingi majibu yote mawili si sahihi, na majibu yasiyo sahihi yana gharama. Mtu ananunua betri mpya kwa pesa ya siku kadhaa za kazi, anaifunga, na usiku ule ule taa inafifia vilevile. Mwingine anakata tamaa kabisa na anapanda barabara ya Magongo bila taa ya nyuma, huku nyuma yake kuna lori la kontena linalotoka bandarini. Dereva wa lori hamuoni. Hilo ndilo jambo lenyewe, jamani, si raha ya kucheza na mita.

Jibu la ile taa inayofifia halimo ndani ya betri. Limo katika historia, kwa hiyo twende nyuma kidogo.

Zama za moto

Pikipiki ya kwanza ya petroli, ile ya Gottlieb Daimler ya mwaka 1885 kule Ujerumani, haikuwa na umeme hata chembe. Petroli iliwashwa ndani ya injini na kibomba kilichopashwa moto kwa nje. Pikipiki zilizofuata zilitumia taa za mafuta, kisha zikaja taa za kabidi: tangi dogo la maji lilidondosha tone juu ya mawe ya kabidi, ikatoka gesi ya asetilini, ukaiwasha kwa kiberiti. Mwanga wake ulikuwa mzuri sana kwa kweli. Taabu yake ni kwamba ilibidi usimame, ushuke, uwashe, na uombe upepo usiizime.

Umeme uliingia kwenye pikipiki kwanza kwa ajili ya plagi. Taa zilikuja baadaye. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Bosch, alikamilisha magneto ya volti kubwa. Kanuni yake ni nyepesi na ndiyo inayotawala hadithi hii yote, kwa hiyo ishike: sumaku ikizunguka karibu na koili ya waya, umeme unazaliwa ndani ya koili. Hakuna betri. Kadiri sumaku inavyozunguka kasi, ndivyo umeme unavyoongezeka. Kadiri inavyozunguka polepole, ndivyo unavyopungua. Bila shaka umeanza kuiona ile taa ya Likoni.

Huku kwetu pikipiki zilionekana mapema. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jan Smuts yaliyopigana na Wajerumani Afrika Mashariki yalikuwa na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Na kwa muda mrefu wa zama za ukoloni pikipiki iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Kiingereza: BSA, Triumph, Norton. Umeme wa nyingi kati ya hizo ulitoka kwa kampuni moja ya Birmingham iliyoanzishwa na Joseph Lucas, mtu aliyeanza kwa kuuza mafuta ya taa mitaani, kisha mwaka 1879 akatengeneza taa ya baiskeli aliyoiita Mfalme wa Njia. Wapanda pikipiki wa baadaye, baada ya kuachwa gizani mara nyingi, walimpachika cheo kingine: Mwana Mfalme wa Giza. (Waingereza hao, wana mzaha wao.)

Kuna mambo mawili ya Lucas ambayo ni lazima uyajue ukikuta pikipiki ya babu imefunikwa gunia uani. La kwanza ni upande wa athi. Pikipiki nyingi za zamani hazina waya wa pili wa kurudisha umeme kutoka kila taa. Umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha fremu yenyewe, na upande huo mafundi huuita athi. Pikipiki zote za siku hizi zimefunga hasi ya betri kwenye fremu. Lakini pikipiki nyingi za Kiingereza, hadi miaka ya 1970, zilifunga chanya kwenye fremu! Na katika wayaringi ya Lucas waya mwekundu ndio uliokuwa athi. Fundi kijana aliyezoea kwamba wekundu ni moto wa betri atafunga betri kinyume kwa nia njema kabisa, na kama ndani mna diodi, ataiunguza kabla hajaweka bisibisi chini.

La pili ni volti 6. Hapa naomba dakika moja ya hesabu, maana hesabu hii inaeleza shida za nusu ya pikipiki za zamani, pamoja na za Kijapani zilizokuja baadaye.

Chukua globu ya wati 25. Kwenye volti 6 inavuta takriban ampea 4.2. Kwenye volti 12 inavuta nusu yake, ampea 2.1. Sasa tuseme mahali fulani njiani pana kiungo kilichoingia kutu, kikaongeza ukinzani wa omu 0.2 tu, kiasi ambacho mita ya bei rahisi haikioni vizuri. Kwenye pikipiki ya volti 6 kiungo hicho kinakula karibu volti 0.8, yaani asilimia 14 ya volti zote. Kwenye ya volti 12 kinakula kama volti 0.4, asilimia 3 na nusu. Na globu ya uzi haina huruma: mwanga wake huporomoka haraka kuliko volti. Ukipoteza asilimia 14 ya volti, umepoteza kama asilimia 40 ya mwanga. Ukipoteza asilimia 3 na nusu, mwanga unapungua kama asilimia 11 tu, na huenda usitambue. Kutu ni ile ile moja. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya volti 6 asikimbilie kununua globu. Asugue viungo kwanza.

Wajapani na uamuzi wao

Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, pikipiki ndogo ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Lakini kwa habari yetu ya pwani, pikipiki muhimu zaidi ni nyingine, na wengi wanaipanda kila siku bila kulijua jina lake: Honda CG125, ya mwaka 1976.

Hadithi yake inanifurahisha kama mwandishi wa programu. Honda walikuwa na injini ya kisasa yenye kemshafti juu, lakini waliona kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki habadilishi oili kwa wakati, anapakia mizigo kupita kiasi, na anasafiri mbali na gereji. Hawakuandika kitabu cha kuwalaumu watumiaji. Walirudi mezani wakachora injini mpya yenye muundo wa kizamani zaidi, wa vijiti vya kusukuma valvu, uliovumilia oili chafu na fundi wa kando ya barabara. Waliomjengea mtumiaji jinsi alivyo, na si jinsi walivyotaka awe, walikuwa wachache wakati ule, na bado ni wachache.

Kwenye umeme, pikipiki ndogo za zama hizo zilifuata fikra hiyo hiyo. Betri ndicho kitu kinachokufa kwanza, kwa hiyo usiitegemee betri kwa mambo ya lazima. Ndani ya injini, chini ya sumaku inayozunguka, ziliwekwa koili kadhaa, kila moja na kazi yake. Moja inalisha plagi. Moja inachaji betri. Na moja inalisha taa ya mbele na taa ndogo ya nyuma moja kwa moja, bila kupitia betri! Umeme wake si mnyoofu kama wa betri, ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi jinsi sumaku inavyozunguka.

Basi hilo ndilo jibu la Likoni. Injini ikinguruma polepole, sumaku inazunguka polepole, koili ya taa inazalisha kidogo, taa inafifia. Betri haihusiki. Ni uamuzi uliofanywa zamani sana ili pikipiki iweze kuwashwa kwa kiki na kufika nyumbani na taa ikiwaka, hata kama betri imekufa. Ukielewa hivyo, kufifia kidogo kwenye foleni si ugonjwa. Ugonjwa ni pale taa inapobaki hafifu hata ukivuta mafuta.

Lakini kuna hatari upande wa pili: ukivuta mafuta sana, koili ingezalisha volti za kuunguza globu. Kwa hiyo kuna kiboksi cha chuma chenye mapezi ambacho mafundi wote wanakiita rektifaya. Kwenye pikipiki za ukoo wa CG mara nyingi kina nyaya nne: mweupe kutoka koili ya kuchaji, wa manjano wa taa, mwekundu wa betri, na wa kijani wa athi. Kazi yake ni kugeuza umeme wa kuchaji uwe mnyoofu, na kuimwaga ziada ya umeme wa taa kwenye fremu kupitia ule wa kijani. Sasa fikiria huo wa kijani umekatika au umelegea. Ziada haina pa kwenda. Globu ya mbele inaungua, unanunua nyingine, inaungua wiki hiyo hiyo, unamlaumu mwenye duka la spea. Nimeona mtu amebeba globu mbili za akiba mfukoni kana kwamba ni peremende. Waya mmoja tu.

Mwaka 2008

Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, enzi za baiskeli. Pikipiki zilikuwepo Mombasa, lakini zilikuwa za ofisi, za mashirika, za watu wachache. Kilichobadilisha mambo ni serikali ya Kenya kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008. Mwaka 2005 pikipiki zilizosajiliwa nchini hazikufika 5,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 2010 pekee zilisajiliwa zaidi ya laki moja. Nyingi zilishuka hapa hapa Kilindini na kupita Changamwe zikielekea bara, na nyingine hazikwenda mbali: zilibaki Likoni, Mtongwe, Mikindani, Bamburi na Mtopanga, mahali ambapo matatu haziingii ndani ya mitaa.

Pikipiki hizo zilikuwa na majina ya Kichina ambayo hakuna aliyeyasikia kabla. Ukizifungua ndani lakini unakutana na mtu unayemjua: injini nyingi kati yake ni nakala ya CG125. Wachina hawakunakili injini tu, walinakili na wayaringi, pamoja na rangi za nyaya. Kutoka India zikaja Bajaj Boxer na TVS, na hapo rangi zikabadilika.

Rangi hizi ni lugha, na kila koo ina lugha yake. Kwa Honda na nakala zake, kijani ni athi, mwekundu ni betri, mweusi ni moto unaokuja baada ya kufungua swichi ya ufunguo. Kijani chenye mstari wa manjano ni taa ya breki. Kahawia ni taa ndogo ya nyuma. Buluu hafifu ni indiketa ya kulia, rangi ya chungwa ni ya kushoto. Kwa Yamaha, mweusi ndio athi! Na moto wa swichi ni kahawia. Kwa Bajaj, ambao tangu miaka ya 1980 walishirikiana na Kawasaki, athi ni mweusi wenye mstari wa manjano, kama Kawasaki, na kahawia ni moto wa swichi.

Soma tena hapo kwa makini. Mweusi wa Yamaha ni athi, mweusi wa Honda ni moto. Kahawia wa Bajaj ni moto, kahawia wa Honda ni taa ya nyuma. Fundi aliyejifunzia Yamaha AG100 ya shirika, akakutana na nakala ya Honda, akaufunga mweusi kwenye fremu, fyuzi inakatika pale pale. Na kama fyuzi ilikwisha tolewa ikawekwa kipande cha waya (jambo la kawaida mno, na la kijinga mno, maana tangi la petroli liko hapo juu), basi kinachoungua ni wayaringi. Ndiyo maana kabla ya kugusa chochote swali la kwanza ni: hii ni ya ukoo gani? Usitazame kibandiko kwenye tangi. Tafuta waya uliofungwa kwa boliti kwenye fremu au injini, uangalie rangi yake. Huo ndio utakaokuambia.

Bahari

Wahandisi waliochora hizi nyaya walifikiria mvua na vumbi. Sidhani walimfikiria mtu anayevuka bahari mara sita kwa siku. Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi iliyolowa unyevu huingia ndani ya soketi za nyaya, ikaila shaba mpaka iwe na ule unga wa kijani. Kwa nje soketi ni nzima. Ukiivuta, pini zimegeuka kijani kama shilingi iliyokaa kisimani. Wakati mwingine kutu hutembea ndani ya ngozi ya waya kwa sentimita kadhaa, ukikwangua unakuta waya mweusi usioshika lehemu hata kidogo. Hapo kata, rudi nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, ndipo uunge.

Inayoumia kwanza ni athi, kwa sababu ni waya kukutana na chuma cha fremu chenye rangi na kutu. Na ugonjwa wa athi una dalili za kichawi, zinazomfanya mtu atamani kwenda kwa mganga. Unakanyaga breki, indiketa zinawaka hafifu. Unawasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa. Kwa nini? Kumbuka ile globu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake, ya wati 5 kwa usiku na ya wati 21 kwa breki. Kwenye pikipiki za ukoo wa CG uzi mmoja unalishwa na koili na mwingine unalishwa na betri. Mifumo miwili ya umeme, na waya mmoja tu wa kurudi. Waya huo ukikatika, umeme haukubali kukaa. Unatafuta njia nyingine, unapita kinyumenyume kwenye uzi wa pili, unaingia kwenye globu nyingine yoyote yenye athi nzuri, na unarudi nyumbani kwa njia hiyo. Hakuna jini. Kuna boliti moja chini ya kiti.

Namna ya kusaka

Sasa ukishajua kwamba kuna mifumo miwili, kusaka hitilafu kunakuwa kwepesi, kwa sababu pikipiki yenyewe inakujibu. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Piga honi, kanyaga breki, washa indiketa. Hivyo vitatu vinakula betri. Vikiwa hafifu vyote, shida iko upande wa betri: pima, betri nzima iliyopumzika inaonyesha kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12 imechoka. Kisha washa injini, vuta mafuta kiasi, pima tena kwenye betri. Namba ipande ifike kati ya 13.5 na 15. Isipopanda, haichajiwi, na hata ukinunua betri tatu zote zitakufa.

Honi ikiwa kali lakini taa ya mbele haiwaki injini ikiwa hai, basi betri iache ipumzike, haina kosa. Fuata waya wa manjano. Hapa kuna mtego mmoja: mita iweke upande wa mkondo geu. Ukipima koili ya taa ukiwa upande wa mkondo mnyoofu utapata namba isiyo na maana, utasema koili imekufa, utafungua injini bure. Na usitarajie namba tulivu kama ya betri, itacheza na kasi ya injini. Unachotafuta ni kama ipo na kama inapanda ukivuta mafuta.

Kwa taa ya nyuma, ambayo ndiyo ninayoihofia zaidi, usianze mwanzo wa waya wala mwisho wake. Anzia katikati, yaani soketi iliyo chini ya kiti. Umeme ukifika hapo, nusu ya mbele yote imepona, hukuwa na haja ya kufungua taa kubwa. Usipofika, nusu ya nyuma haina hatia. Kisha gawanya tena nusu iliyobaki. Waandishi wa programu wanaijua njia hii, ndiyo tunayotumia kutafuta ni badiliko gani kati ya mia moja lililoharibu kazi: hatua saba tu zinatosha. Kwa waya wa pikipiki ni tatu au nne.

Na athi usiipime kwa kuitazama. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ganda la globu ya breki, kisha mtu akanyage breki. Mita ikisoma karibu na sifuri, njia ya kurudi ni safi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeshampata mwizi. Jambo hili ni lazima lifanyike taa ikiwa imewashwa. Taa ikiwa imezimwa hakuna mkondo, na kiungo kibovu kitajifanya kizima.

Injini nayo ikikataa kutoa moto kwenye plagi, kuna jaribio la dakika mbili kwa pikipiki zenye kile kiboksi cha CDI kinacholishwa na koili. Swichi ya kuzima injini kwenye nyingi za ukoo wa Honda haikati umeme; inaupeleka waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye athi. Chumvi ikiingia ndani ya swichi inaweza kufanya kazi hiyo hiyo yenyewe. Uchomoe waya huo kwenye CDI, piga kiki. Injini ikiwaka, koili yako ni nzima na CDI ni nzima, swichi ndiyo mbovu. (Ukishajua, zima kwanza kabla ya kusherehekea, kwa sababu sasa ufunguo hautaizima.)

Taa za LED na redio

Miaka ya karibuni zimeingia globu za LED, na watu wa Kisauni wanaowahi soko la Kongowea kabla ya alfajiri wanazipenda, na wana haki. Lakini LED ikifungwa kwenye waya wa manjano wa koili inapepesa, maana inapewa mkondo geu. Ndiyo sababu mafundi wengi huhamisha taa ya mbele iende kwenye betri. Sawa, inawezekana, LED inakula kidogo. Shida ni pale mtu anapohamisha globu ya kawaida ya wati 35, anaongeza redio, spika na mataa ya rangi chini ya tangi, wakati koili ya kuchaji ni ile ile iliyochorwa kwa ajili ya honi na indiketa. Kila usiku betri inatoa zaidi ya inavyopokea. Baada ya mwezi anarudi kusema za Mchina ni mbovu.

Na ukibadilisha indiketa ziwe za LED, usishangae zikikataa kupepesa. Flasha ya kizamani hufanya kazi kwa joto la mkondo unaopita ndani yake. LED inapitisha kidogo mno, flasha haipati joto. Nunua flasha ya kielektroniki, bei yake ni ndogo.

Septemba 2023 Rais William Ruto alikuja hapa Mombasa kuzindua pikipiki za umeme, zile za kubadilisha betri kituoni badala ya kununua petroli. Niliwahi kudhani kwamba hapo ndipo ukoo wa CG utakapokatika. Lakini pikipiki hizi za umeme kwa kawaida zina betri kubwa ya makumi ya volti kwa ajili ya mota, na kando yake kiboksi kinachoshusha volti hizo hadi 12, kwa ajili ya taa, honi na indiketa. Kumi na mbili zile zile. Kufifia kwenye foleni hakupo tena, kwa sababu hakuna sumaku ya injini ya kungojea. Ila soketi ya taa ya nyuma bado iko chini ya kiti, bado inavuka bahari, na nikiulizwa na mwenye pikipiki ya namna hiyo aliyepoteza taa zote na honi kwa pamoja, nitamwambia apime kile kiboksi. Ikiwa iliyokufa ni taa ya nyuma peke yake, namwambia afungue kiti.